Duka la spea kwenye simu ya mteja bila kupitia Play Store

Mwenye duka la spea za pikipiki Kariakoo akitaka wateja waagize kwa simu, mara nyingi hushauriwa atengenezewe programu mbili: ya Android na ya iPhone. Kabla ya kulipa, amfikirie mteja mwenyewe. Simu ina GB 32, imejaa picha za WhatsApp, na bando linahesabiwa. Programu anayoitumia mara mbili kwa mwezi ndiyo itakayofutwa kwanza. Kwa duka la namna hii programu ya wavuti inatosha: tovuti inayowekwa kwenye skrini ya mwanzo na kufunguka bila upau wa anwani.

Anza na HTTPS, yaani muunganisho uliofichwa kati ya simu na tovuti, unaohitaji cheti. Cheti cha shirika la Let's Encrypt ni bure ila kwa kawaida hudumu siku 90, kwa hiyo seva ikihuishe yenyewe. Kikiisha, kivinjari kitamwonya mteja kana kwamba umekuja kumwibia.

Kisha andika manifest.webmanifest, faili linaloiambia simu jinsi ya kuiweka tovuti kama programu, na uliunganishe kwenye kila ukurasa. Liwe na name (jina), short_name (jina fupi), start_url (ukurasa wa kuanzia), display yenye thamani standalone (ifunguke bila upau wa anwani), na aikoni za PNG za pikseli 192 na 512. Ongeza aikoni ya aina ya maskable, yaani inayoweza kukatwa kingo, nembo yako ikae ndani ya asilimia 80 ya katikati, maana simu nyingi za Android hukata pembe.

Kazi yenyewe iko kwenye sw.js, faili linaloamua nini kitoke mtandaoni na nini kitoke kwenye akiba ya simu. Liweke kwenye mzizi wa tovuti, yaani folda ya juu kabisa; ukilificha ndani ya folda ya js litasimamia folda hiyo tu. Nembo, mitindo na fonti zitoke kwenye akiba. Bei na idadi ya mzigo zichukuliwe mtandaoni kwanza, akiba itumike mtandao ukikatika, na saa bei hizo zilipochukuliwa ionekane. Wengi huweka kila kitu kwenye akiba, halafu tairi lililopanda bei jana linauzwa leo kwa bei ya mwezi uliopita. Ipe akiba jina lenye namba, duka-v1 kisha duka-v2, na ufute ya zamani kwenye tukio la activate, yaani sw.js mpya inapoanza kazi. Toleo jipya la sw.js husubiri hadi kurasa zote za zamani zifungwe, basi weka kitufe cha "Toleo jipya lipo" kinachoita skipWaiting, amri ya kulianzisha bila kusubiri.

Malipo nayo hayahitaji programu ya Play Store. Mteja anaandika namba yake, seva inatuma ombi, na simu inamwomba PIN ya M-Pesa au Airtel Money. Mtandao ukisuasua atabonyeza tena, kwa hiyo kila oda ipewe namba yake mapema na seva ikatae inayojirudia. Usitoe mzigo kwa sababu ukurasa wa mteja umesema "imelipwa". Subiri uthibitisho uliofika kwenye seva yako.

Kwenye iPhone ukurasa wako hauwezi kuleta kitufe cha kusakinisha. Mwelekeze mteja kwa picha: afungue Safari, aguse alama ya kushiriki, aongeze kwenye skrini ya mwanzo. Arifa zinawezekana tangu iOS 16.4 ya mwaka 2023, tena kwa aliyekwisha kuiongeza tu.

Bodaboda anayepeleka mzigo Mbagala ni suala jingine. Skrini ikizimika, ukurasa wa wavuti hauendelei kusoma mahali alipo. Hapo lipia programu kamili. Ni fedha iliyotumika vizuri.

Ukitaka pia uonekane Play Store, zana iitwayo Bubblewrap hufunga tovuti hiyohiyo kuwa programu ya Android. Usajili wa Google ni dola 25 mara moja. Wa Apple ni dola 99 kila mwaka. Akaunti mpya ya mtu binafsi Play Store inadai wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Upau wa anwani ukijitokeza juu ya programu, alama ya ufunguo kwenye assetlinks.json, faili la tovuti linalothibitisha kuwa programu ni yako, haiko sawa: chukua ile ya ufunguo ambao Play hutumia kusaini, siyo ule unaoutumia wewe kupakia programu.