Kutunza cheni na sproketi za pikipiki ya milimani, hatua kwa hatua

Pikipiki nyingi ninazozitengeneza hapa Soni, kwenye milima ya Usambara, hupanda Mlalo na Mtae kwenye udongo mwekundu na mawe, kisha huteremka Mkomazi kwenye vumbi. Karibu kila wiki naletewa moja ambayo cheni imekazwa kama uzi wa zeze, na mwenyewe anaamini hapo ndipo ameitunza. Kwa hiyo nitapita upesi kwenye usafi na mafuta, nikae zaidi kwenye kukaza, maana huko ndiko pesa za watu zinakoteketea.

Andaa spana za ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) na za vikazio vya cheni, brashi ya plastiki, mafuta ya taa, matambara, rula, oili ya giaboksi 80W-90 na mkanda imara wa kufungia mizigo.

Hatua ya 1: Safisha

Inua gurudumu la nyuma, zima injini, weka nyutro, chomoa ufunguo utie mfukoni. Gurudumu utalizungusha kwa mkono. Nimewaona watu wakiwasha injini, wanatia gia ya kwanza na kushika tambara kwenye cheni inayokimbia. Tambara likinaswa, linavuta vidole hadi kwenye meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni. Usifanye hivyo hata siku moja.

Chovya brashi kwenye mafuta ya taa, sugua ndani na nje, kisha futa mpaka tambara litoke bila weusi. Petroli iache. Mbali na kushika moto upesi, inaharibu oringi, vile viraba vidogo vinavyofungia grisi ndani ya viungo vya cheni za aina hiyo.

Hatua ya 2: Pima uchakavu kabla hujakaza

Soma namba iliyogongwa kwenye cheni. Pikipiki ndogo nyingi hutumia 428, kubwa kidogo kama za cc 250 hutumia 520. Tarakimu ya kwanza inakupa umbali wa pini hadi pini kwa sehemu za nane za inchi: 4 ni milimita 12.7, na 5 ni karibu milimita 15.9.

Vuta cheni inyooke, kisha pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 21, yaani viungo 20. Cheni mpya ya 428 inasoma milimita 254. Ikifika 259, imekwisha. Ya 520 huanza na 317.5, nami huibadilisha ikikaribia 323.

Huna rula? Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuelekea nyuma. Ikiachana na sproketi hadi nusu ya jino ikaonekana, usihangaike kuikaza. Tazama na meno: yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja kama ndoana, nunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa huchakaa upesi, na fedha yako imepotea.

Hatua ya 3: Kaza, kwa kipimo

Gurudumu la nyuma linabebwa na swingamu, ambayo hupanda na kushuka kwa kuzunguka boliti yake. Sproketi ya mbele iko mbele ya boliti hiyo. Kwa hiyo shokapu inapobonyea, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika, na huwa mrefu kuliko wote pale vitu vitatu vinapokaa mstari mmoja: shafti ya sproketi ya mbele, boliti ya swingamu na ekseli ya nyuma. Cheni uliyoikaza pikipiki ikiwa stendi, bila mtu wala mzigo, hapo haina pa kwenda. Inavuta beringi ya giaboksi, inavuta habu ya gurudumu, mwishowe inakatika.

Nililipia somo hili. Afisa ugani mmoja aliniambia, "Fundi, kaza tena kidogo, bado inagonga." Nikakaza ili aridhike. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa Mtae akiwa na gunia la viazi nyuma, cheni ikakatika, ikajikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua kava la injini. Tuligawana gharama. Nilipofungua nikakuta kilichokuwa kinagonga ni ile plastiki inayokinga swingamu isisuguliwe na cheni. Ilikuwa imelika hadi chuma. Tangu siku hiyo huanza kuikagua hiyo kwanza.

Fanya hivi. Watu wawili wakae juu ya pikipiki hadi vile vitu vitatu vikae mstari mmoja, kisha funga mkanda kati ya fremu na swingamu ubaki hivyo. Zungusha gurudumu taratibu utafute sehemu inayobana zaidi, maana cheni hailegei sawasawa kote. Hapo, katikati ya sproketi mbili, cheni ya chini icheze juu na chini kama sentimita moja hadi moja na nusu. Sasa fungua mkanda, pikipiki ikae yenyewe, upime tena. Hicho ndicho kipimo cha pikipiki yako. Nyingi huangukia kati ya sentimita 3 na 4; zenye shokapu ndefu huhitaji zaidi. Kiandike ndani ya kava la pembeni.

Kufikia kipimo hicho, legeza nati ya ekseli, zungusha vikazio vya kushoto na kulia sawasawa, lakini usiamini sana alama za swingamu. Pima kwa uzi kutoka boliti ya swingamu hadi ekseli, pande zote mbili. Kisha kaza nati ya ekseli, rudisha pini yake, na upime tena, kwa sababu kukaza nati mara nyingi husogeza gurudumu. Kama breki ya nyuma ni ya dramu, irekebishe pia: gurudumu likirudi nyuma, fimbo ya breki huvutika.

Hatua ya 4: Mafuta

Tia oili ukitoka safari, cheni ikiwa na joto, upande wa ndani wa cheni ya chini, tone kwa tone. Subiri robo saa, kisha futa ya nje yote. Oili chafu ya injini ina chembe za chuma, na grisi ya kupaka nje hushika mchanga ikawa kama msasa. Ukienda kwenye vumbi la Mkomazi, cheni ionekane karibu kavu.

Hatua ya 5: Klipu

Ukifunga cheni yenye klipu, kile kibanio kidogo kinachoshikilia kiungo cha kuungia, upande wa klipu uliozibwa utazame inakoelekea cheni, yaani mbele ikiwa cheni ya juu. Ukigeuza, jiwe au tope linaweza kuichomoa.

Wanaobeba mizigo huniuliza kuhusu sproketi ndogo ya mbele. Ukitoka meno 15 mbele kwa 45 nyuma ukaweka 14 mbele, uwiano unapanda kutoka 3.0 hadi 3.21, karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma. Mlima utapanda vizuri, ila cheni inapinda zaidi kwenye sproketi ndogo na inachakaa mapema.

Cheni mpya ipime tena baada ya kilomita 100, kisha kila 500. Masika, ipime kila jioni uliyovuka tope.