Kishona nguo: chuma wapi, tumia vipi

Ukitoka shamba la tumbaku hapa Urambo wakati wa mvua, suruali imejaa vijiti vyeusi hadi magotini. Hicho ndicho kishona nguo. Kila mbegu ina meno mawili au matatu ya kung'ang'ania nguo. Kama mmea bado haujazaa, tazama jani: mara nyingi vipande vitatu hadi vitano, ukingo kama msumeno, na shina lina pembe nne. Ukiwa na shaka, uache.

Bibi alichuma popote. Mimi sichumi kwenye tumbaku, hata pembezoni, kwa sababu najua tunachopuliza humo. Wala jalalani, kando ya barabara au karibu na gereji: mmea huu hufyonza kadimiamu (metali yenye sumu) udongoni na kuilimbikiza majanini, na kuosha hakuiondoi. Nyuma ya jiko langu umejiotea wenyewe, sijaung'oa. Mke wangu analalamika kila akianua nguo.

Umejikata kidogo kwa jembe? Osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Osha majani machanga, kiganja kimoja, yatwange kwenye kinu kisafi (bibi alitafuna akatema juu ya kidonda, wewe usifanye), bandika, kandamiza dakika kumi. Damu ikikata, toa majani yote, osha tena, funga kitambaa safi. Ukichomwa na msumari, au jeraha likiwa la kina, nenda zahanati ukachomwe sindano ya pepopunda. Jani halizuii pepopunda.

Kama mboga, chuma kabla ya maua, chemsha, mwaga maji ya kwanza, tia karanga za kusaga.

Chai yake wazee hunywa kwa kikohozi na tumbo. Hapo nina woga. Mama mkwe, mgonjwa wa sukari, aliinywa juu ya vidonge vyake, akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Tukamkorogea maji ya sukari haraka. Siapi kuwa ni chai, lakini kwa wanyama wa maabara mmea huu umeonekana kushusha sukari. Wanaomeza dawa za sukari au presha, wajawazito na watoto, siwapi. Mwenye homa akapime malaria kwanza.

Machoni usikamulie kabisa. Bibi alinikamulia nikiwa darasa la tatu. Asubuhi macho yamegandana, babu akanipakia kwenye baiskeli hadi zahanati, nimeshika shati lake, sioni njia.