Una apointimenti ya kutoa mimba Uingereza na nje kuna watu wa mabango? Fanya hivi

Hii ni kwa wadada mlioko Uingereza na anaewasindikiza, maana Kwaresma ikikaribia tu maswali yanaanza kwenye magrupu, eti wale wa mabango, wanaopinga kutoa mimba na kusali nje ya kliniki, bado wanaruhusiwa kusimama mlangoni? Hawaruhusiwi. England na Wales tangu 31 Oktoba 2024 kuna eneo la mita 150 kuzunguka kila kliniki au hospitali yenye huduma ya kutoa mimba, na ndani ya hapo mtu akikushawishi ubadili uamuzi, akikuzibia njia au akikutisha ni kosa, na faini yake haina kikomo. Scotland walianza 24 Septemba mwaka huohuo, wao ni mita 200. Northern Ireland nao wana ya kwao.

Sasa, kabla hujatoka nyumbani pigia kliniki uulize kama kuna watu nje na kama kuna mlango mwingine, wamezoea hilo swali. Kama Kingereza kinakusumbua omba mkalimani hapohapo, ni bure, usimbebe mtoto wako akakutafsirie mambo ya aina hii jamani. Afu uliza pia kama unahitaji kwenda kabisa, sababu England na Wales mimba ikiwa chini ya wiki 10 mara nyingi unaongea nao kwa simu na vidonge vinakuja kwa posta.

Mita 150 sio nyingi, ni kama uwanja wa mpira na nusu, na zinapimwa kuanzia kwenye kliniki yenyewe au geti la kuingilia. Kwahiyo ukimkuta mtu na bango kule kituo cha basi mbali kidogo inawezekana yuko sawa kisheria, mpite tu.

Na usitegemee makelele. Mara nyingi ni mama mtu mzima, sauti ya upole, rozari mkononi, anakuuliza "mpendwa, unahitaji msaada?" huku anakunyooshea kikaratasi. Upole haumuokoi. Bournemouth kuna mwanamke alisimama na bango la kusema yupo hapo kwa anaetaka kuongea, basi, Aprili 2025 akakutwa na hatia ya kuvunja amri ya halmashauri ya kuzuia mambo hayo karibu na kliniki (hiyo ilikuwepo hata kabla ya sheria ya nchi nzima), hakufungwa ila aliambiwa alipe pauni 20,000 za gharama za kesi.

Wewe usisimame, usibishane, usimjibu hata kwa heshima ya utu uzima, maana ukishasema "shikamoo mama" umeshanasa, utatoka hapo baada ya nusu saa na apointimenti imepita. Ingia ndani, waambie risepsheni kwanza. Saa ngapi, alisimama wapi, alisema nini, andika kwenye simu ungali unakumbuka. Polisi ni 101, ila akikushika au akikuzibia njia piga 999 palepale.

Anaekusindikiza asiogope, hii sheria ya England na Wales haimgusi mtu uliyekubali mwenyewe aje na wewe, hata mkiwa njiani anakuuliza "dada una uhakika?" hajavunja kitu. Ila shemeji, ukifika hapo ukaanza kutunishiana misuli na watu wa mabango utaondoka na polisi wewe.

Kwa wale wa kanisani mnaouliza, England na Wales mkiwa ndani ya jengo la kanisa mnasali, hata kama liko ndani ya zile mita, hakuna shida. Sala ya kimya barabarani ndo yenye ubishi, waendesha mashtaka wenyewe wanasema sio lazima iwe kosa, wanaangalia mtu anafanya nini kwa ujumla wake. Mi ningesalia nyumbani.