SOMO: Kuchagua msumeno mdogo wa mnyororo unaotumia betri

Wakuu, habari. Kila nikigusia kwamba kazi ndogo za miti siku hizi nazimaliza kwa msumeno wa betri, napata swali lilelile: "Ninunue upi?" Sitataja kampuni. Nitaonyesha namna ya kuukagua ukiwa umeushika mkononi, na naanza na msimamo wangu ili usinishangae huko mbele: kifaa cha aina hii unanunua betri kwanza, msumeno unafuata. Mimi nilijua hilo nikiwa nimeshalipa.

Nikisema "upanga" nina maana ya lile bapa la chuma lililochomoza mbele, ambalo mnyororo huzunguka ukingoni mwake. Twende.

HATUA YA 1: Pima mti kabla hujapima msumeno

Zungushia uzi kwenye tawi nene kuliko yote unayotarajia kukata. Unyooshe uzi kwenye rula, kisha gawanya kwa 3. Hapo umepata unene wa tawi. Ongeza sentimita 5, na huo ndio urefu wa upanga unaokutosha. Uzi ukitoa sentimita 45, tawi lina unene wa 15, upanga uwe wa 20, yaani inchi 8.

Upanga wa inchi 4 hadi 6 ni wa kupogoa tu. Wa 8 hadi 10 unatosha bustani yenye miti iliyokomaa. Wa 12 hadi 14 unakata na magogo ya wastani. Usivutwe na urefu kwa sababu ya urefu: mnyororo mrefu unakula nguvu ya mota kwa kujizungusha tu, kabla haujagusa mti.

Na kama matawi yako mengi ni ya unene wa kidole, huhitaji msumeno huu. Nunua mkasi wa kupogolea. Vitawi vyembamba hudakwa na mnyororo, vikapinda na kukuchapa usoni.

HATUA YA 2: Betri (hapa soma taratibu)

Msumeno wangu wa kwanza ulikuwa na namba 88 ubavuni, imeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni, na baada yake herufi mbili ambazo katika umeme hazina maana yoyote. Nikajiambia, kama wengine wanauza 18 na huyu ana 88, nimeokota dhahabu. Nyumbani nikageuza chaja kusoma maandishi madogo. Umeme unaotoka: voliti 21.

Ndani ya betri kuna seli, yaani vijibetri vidogo vilivyounganishwa. Seli moja ya lithiamu ya kawaida ikijaa inafika voliti 4.2. Gawanya 21 kwa 4.2, unapata seli 5 zilizofuatana. Kila seli kwa wastani wa kazi ni voliti 3.6, mara 5 ni 18. Kumbe ile 88 yangu ilikuwa 18 kama ya jirani, imevaa kanzu ndefu.

Kwa hiyo dukani usisome ubavu wa msumeno, soma chaja. Chaja ikisema 12.6 ni seli 3, betri ya voliti 10.8. Ikisema 21 ni betri ya 18. Ikisema 42 ni seli 10, betri ya 36. Wanaoandika 20 na wanaoandika 18 mara nyingi wanazungumzia betri ileile: mmoja anahesabu ikiwa imejaa, mwingine anahesabu wastani. Vivyo hivyo 40 na 36.

Voliti peke yake haikwambii utakata kwa muda gani. Tafuta ampia-saa, ile namba yenye Ah, uzidishe na voliti upate wati-saa. Betri ya 18 yenye Ah 5 ni wati-saa 90. Ya 36 yenye Ah 2.5 nayo ni 90. Tangi la umeme ni lile lile. Mota ikivuta wati 600 bila kupumzika, tangi hilo linaisha kwa dakika 9. Usiogope, hakuna anayekata dakika 9 mfululizo. Mkato mmoja wa sekunde 10 mara 50 ni kama dakika 8 na kidogo. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Mti mbichi mgumu utakupunguzia.

Sasa utauliza, kama tangi ni lile lile, voliti kubwa ina faida gani? Joto. Wati 600 kwa voliti 18 ni ampia 33 zinapita kwenye nyaya. Kwa voliti 36 ni kama 17. Na joto la waya haliongezeki sambamba na ampia, ampia zikiwa maradufu joto linakuwa mara nne. Ndiyo maana kwa upanga wa inchi 6 mimi naridhika na 18, ila nikifika 12 nataka 36.

Ukipata mota isiyo na brashi za kaboni (vile vipande vinavyosuguana kupitisha umeme ndani ya mota), chukua hiyo hata kama bei imepanda. Haina brashi za kuisha, na betri inadumu zaidi kwa kila chaji.

HATUA YA 3: Mnyororo na oili

Kabla hujalipa, uliza: mnyororo wa akiba unapatikana? Unatambulika kwa namba tatu, nazo huandikwa kwenye upanga au kwenye kijitabu: hatua ya mnyororo, yaani wastani wa umbali kati ya ribiti moja na inayofuata (misumeno midogo mingi ni 1/4 au 3/8 ya inchi), upana wa mfereji wa upanga, na idadi ya viungo vinavyoingia mferejini. Zote tatu zilingane. Muuzaji asiyeweza kukupa mnyororo wa pili anakuuzia kitu cha msimu mmoja.

Jino la mnyororo wa leo, lililojikunja kama ukucha, lina hadithi yake. Mmarekani Joseph Cox alimchunguza buu wa mdudu anayetoboa miti, akaona anakula akienda kushoto na kulia. Akaiga taya zake, na mwaka 1947 akaanza kuuza mnyororo wa mtindo huo. Ukitazama jino kwa karibu utamwona yule buu.

Oili: misumeno ya kuanzia inchi 8 au 10 mingi ina tangi na pampu inayoupaka mnyororo oili yenyewe. Ile midogo sana mara nyingi haina, unadondoshea kwa mkono kila baada ya muda. Si kasoro, mradi usisahau. Upanga ukikaukiwa unabadilika rangi kuwa wa bluu, na ukiona bluu umechelewa.

HATUA YA 4: Ushike, tena kwa mikono miwili

Omba uwekewe betri, kwa sababu bila betri kila msumeno ni mwepesi. Unyooshe mbele yako uhesabu hadi 30. Mkono ukianza kutetemeka, huo si wako.

Halafu kagua mambo matatu. Swichi lazima iwe na kitufe cha pili cha kufunga, ili isiwashwe kwa bahati mbaya. Mpini uwe na nafasi ya mkono wa pili hata kama tangazo linasema mkono mmoja. Na kwa misumeno ya inchi 10 kwenda juu, pawe na breki ya mnyororo: ile ngao iliyo mbele ya mkono ukiisukuma mbele, mnyororo usimame papo hapo. Robo ya juu ya pua ya upanga ikigusa kitu, msumeno unapiga teke kurudi kwako kabla hujapepesa jicho. Breki ipo kwa ajili ya teke hilo.

Jambo moja ambalo watu wa petroli tunalisahau: huu haungurumi ukiwa umepumzika. Umenyamaza, unadhani umezimwa. Chomoa betri kabla hujagusa mnyororo, hata kutoa jani moja tu.

HATUA YA 5: Siku ya kwanza

Mnyororo mpya unalegea haraka. Baada ya dakika chache za kazi simama, chomoa betri, subiri upoe, uuvute mnyororo kwenye ukingo wa chini wa upanga uone kama umekaza. Viungo visitoke kabisa mferejini, na bado uweze kuuzungusha kwa kidole chenye glovu.

Tawi zito likatwe kwa mikato mitatu. Nilijifunza kwa mparachichi. Nilikata kutoka juu moja kwa moja, na nilipofika katikati tawi likaanguka kwa uzito wake, likachuna ganda la shina hadi usawa wa magoti. Kovu lile liko pale mpaka leo. Sasa nafanya hivi: sentimita kama 30 kutoka kwenye shina nakata chini, theluthi moja ya unene. Nasogea nje kidogo nakata kutoka juu mpaka tawi lidondoke. Kisiki kilichobaki nakiondoa kwa mkato wa tatu, nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Uvimbe huo usiuguse. Mtafiti wa miti Alex Shigo alipasua miti mingi akaonyesha kwamba mti unaliziba jeraha kuanzia hapo. Ukiufyeka usawa na shina umeuondolea kinga yake.

Miwani, glovu, viatu vigumu, kinga ya masikio. Udogo wa msumeno usikudanganye, nyama yako haijui tofauti.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi Mpya: Mkuu, shikamoo. Nina drili ya voliti 18 yenye betri ya Ah 1.5. Nikinunua msumeno wa kampuni hiyohiyo bila betri, si nitakuwa nimeokoa?

Jibu: Marahaba. Umeokoa, kama ni familia moja ya betri. Ila Ah 1.5 ni wati-saa 27 tu, na ndani yake huenda kuna seli 5 zinazobeba mzigo wote. Betri ya Ah 4 au 5 kwa kawaida ina seli 10, mbilimbili, kila moja inabeba nusu. Ile ndogo itakata, lakini itachemka na kujizima. Nunua moja kubwa, ya drili iwe ya akiba.

Mama Bustani: Nimeona adapta ya kuunganisha betri ya kampuni hii na msumeno wa kampuni ile. Vipi usalama wake?

Jibu: Dada, mimi siitumii. Kuna kampuni zinazoweka ulinzi wa chaji kushuka mno ndani ya betri, nyingine ndani ya mashine. Ukichanganya, unaweza kubaki huna ulinzi upande wowote, na seli zikashuka hadi zikafa.

Gogo Kavu: Wangu unakata sekunde tano, unazima. Betri inaonyesha taa zote. Nimeibiwa?

Jibu: Angalia kinachotoka kwenye mkato. Vikitoka vipande vya mbao, meno yako sawa. Likitoka vumbi kama unga, mnyororo ni butu, wewe unakandamiza, mota inavuta umeme mwingi, ulinzi unaukata. Noa kwa tupa ya mviringo. Kwa minyororo hii midogo mara nyingi ni ya milimita 4, hakikisha kwenye kijitabu. Ukishanoa usiukandamize, uzito wa msumeno wenyewe unatosha.

Gogo Kavu: Ni unga kweli. Nilikata na mzizi wenye udongo.

Jibu: Hapo ndipo makali yalipofia. Udongo unaua makali kwa mzunguko mmoja.

Mpogoaji: Oili chafu ya gari inafaa? Ninayo dumu zima.

Jibu: Hapana. Ina chembe za chuma zitakazosaga pampu na upanga, na inarukia mikono yako na mimea yako. Ukikosa oili ya mnyororo, mafuta ya kupikia ya mimea ni afadhali mara kumi, ila yasilale ndani muda mrefu, yanaganda. Halafu usishangae ukikuta msumeno umevuja rafuni. Mingi inavuja kidogo. Weka kadibodi chini.

Mama Bustani: Na betri nihifadhije kama nakata mara mbili kwa mwaka?

Jibu: Nusu ya chaji, nje ya msumeno, mahali pakavu penye ubaridi kiasi. Usiiache imejaa miezi sita wala imekauka kabisa. Na ikitoka kazini ina moto, isubiri ipoe ndiyo uichaji.

Fundi Mpya: Nikiwa juu ya ngazi je?

Jibu: Msumeno unataka mikono miwili, ngazi nayo inataka mmoja. Kuna msumeno wa fimbo, unakata ukiwa umesimama chini, pembeni ya tawi na si chini yake.

Mpogoaji: Nimezungusha uzi nimepata 78. Yaani unene 26, upanga inchi 12. Lakini mfuko wangu ni wa inchi 8. Siwezi kukata upande mmoja nikamalizia wa pili?

Jibu: Gogo likiwa limelala chini, unaweza, kwa subira. Likiwa bado mtini, usijaribu. Hilo ni tawi moja tu au yote yako hivyo? Kama ni moja, mlipe mwenye msumeno mkubwa alishushe, wewe nunua kwa ajili ya yaliyobaki. Hebu zungusha uzi kwenye hayo mengine, utuambie.