Uduvi wa Rangi Nyumbani: Tengeneza Maji Kwanza

Wadau wa Kisumu, Nakuru na hapo katikati, kila mara naulizwa mbona mtu ananunua uduvi wekundu wazuri halafu siku chache tu wote wamelala chini ya tangi, na jibu karibu kila mara ni maji. Mtu ananunua tangi leo, anajaza leo, anatia uduvi leo. Jameni hapana. Tangi jipya halina bakteria wa kuvunja amonia, sumu inayotoka kwa kinyesi na chakula kilichooza, na hao bakteria huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye sponji ya filta na changarawe. Washa filta, panda mimea, tupia punje kidogo ya chakula ioze, ngoja. Ukipima amonia na naitraiti (sumu ambayo amonia inageuka kuwa kwanza) ukapata 0, sasa nenda ukanunue.

Anza na Neocaridina, wale wekundu wanaoitwa cheri, ni wagumu kiasi. Joto la nyuzi 22 hadi 25 wanalipenda sana, na baridi ya usiku ya Nakuru wanaivumilia mpaka kama 18. Kisumu ndiko kuna kazi, tangi likipigwa na jua la dirishani maji yanapita 30 na hewa ndani ya maji inapungua, kwa hivyo liweke kona yenye kivuli, pampu ya hewa iende usiku na mchana, na uwe na ya betri maana stima tunazijua.

Maji ya bomba yana klorini, tia dawa ya kuiondoa. Ya mvua kutoka kwa mabati hayana madini, na uduvi akikosa kalsiamu anashindwa kubambua gamba, unaona pete nyeupe imemzunguka nyuma ya kichwa halafu anakufa. Changanya na ya bomba, pima, GH, yaani kipimo cha madini kama kalsiamu ndani ya maji, iwe 6 hadi 8. Ukibadilisha maji toa asilimia 10 hadi 20 tu kwa wiki na urudishe polepole, mengi kwa mpigo yanawastua wanajibambua kabla ya wakati. Gamba tupu ukiliona chini liache, wanalila wanarudisha madini.

Sasa sumu. Uduvi na mende ni ukoo mmoja, dawa za kupuliza zinazoua mende au mbu zinaua uduvi pia, kwa hivyo usipulize chumba chenye tangi, hata kidogo. Sukuma ya sokoni pia inaweza kuwa imepigwa dawa shambani, wape terere au sukuma ya bustani yako mwenyewe, chemsha dakika 2, kipande kidogo, na kikibaki mpaka kesho kitoe. Dawa za samaki soma kibandiko, zenye shaba achana nazo kabisa.

Kuzaa hakuna siri. Jike aliyekomaa ana alama ya njano mgongoni, hayo ni mayai bado yako ndani, akishajibambua anapandwa na mayai yanashuka chini ya mkia, kama 20 hadi 30. Mwangalie kwa karibu, anayapepea kwa vile viguu vidogo bila kupumzika, akiyageuza yapate hewa, mpaka karibu mwezi. Watoto wanatoka milimita 2 hivi, wameshakuwa na umbo la wazazi. Usiweke samaki humo, hata gapi, samaki mdogo, atawameza watoto, funika mdomo wa filta kwa sponji, na jaza java mosi, ule mmea laini wa majini, wajifiche na kula ule utando unaoota juu yake. Rangi moja tangi moja: ukichanganya wekundu na wa bluu, wajukuu wanarudi kahawia na hakuna mnunuzi.

Wakizidi uza, gawia jirani, waliofifia lisha samaki wako. Usimwage ziwani wala mtoni. Ziwa Victoria lina uduvi wake, ochong'a, ambao mbuta (sangara) wachanga wanawategemea kwa chakula, na ukishaachilia mgeni humo huwezi kumtoa tena.