Foku ngumu badala ya shokapu: ununue ya urefu gani?

Wengi hununua foku ngumu ya baiskeli, yaani uma wa mbele usio na springi, kwa kutazama saizi ya gurudumu peke yake. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa sababu foku mbili za inchi 26 zinaweza kupishana urefu kwa milimita 60. Kinachotakiwa ni kimo kutoka katikati ya ekseli hadi begani, pale miguu inapokutana na ringi ya beringi ya chini inapokaa.

Chomoa foku ya zamani (ila soma kwanza aya inayofuata), ilaze mezani, uivute hadi mwisho. Shokapu iliyochoka hubaki imezama yenyewe, nawe utapima urefu wa uongo. Futi isifuate mguu wa foku. Inyooshe kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya shingo (bomba linaloingia kwenye fremu), usawa wa bega. Foku ya inchi 26 yenye mwendo (umbali inaoweza kuzama) wa milimita 100 huwa karibu 475. Ya inchi 29, karibu 505. Kila mtengenezaji ana vipimo vyake, kwa hiyo pima yako.

Namba hiyo usiinunue kama ilivyo. Ukikaa juu ya baiskeli shokapu huzama, na fremu ilichorwa ikizingatia hilo. Kabla hujaichomoa, funga uzi wa mpira kwenye bomba jembamba la shokapu linalozama ndani ya jingine, ukigusa sili, ile raba ya mdomoni. Panda na mzigo wako wa kawaida, egemea ukuta, kisha shuka taratibu bila kudunda. Nafasi kati ya uzi na sili ndiyo ya kutoa. Kama shokapu imekufa, toa asilimia 20 hadi 25 ya mwendo wake. Mfano: 475 ukitoa 22 ni 453, basi foku ya 450 inafaa kabisa.

Ukikosea urefu? Kila milimita 20 hubadilisha pembe ya usukani kwa takriban digrii moja. Foku fupi mno huufanya usukani kuwa mwepesi na wenye wasiwasi kwenye mteremko, na pedali hushuka zikaanza kugonga mawe. Ndefu mno huinua mbele: ukipanda mlima gurudumu linatangatanga, na bomba la mbele la fremu hubeba nguvu ambayo halikuundiwa. Nikilazimika kuchagua kati ya mbili, kupungua milimita 5 ni afadhali kuliko kuzidi 20.

Yaliyobaki ni ya kulingana tu, ila yanakwamisha watu dukani. Shingo iliyonyooka kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 28.6. Iliyopanuka chini haiingii kwenye fremu yenye bomba la mbele jembamba; kinyume chake kinawezekana kwa ringi ya kupunguzia. Habu ya ekseli ya milimita 15 yenye upana wa 110 haikai kwenye foku ya 100. Breki za rimu zinahitaji vishikio vyake miguuni, na za diski zinahitaji kishikio kinachokubali ukubwa wa diski yako. Tairi ibaki na nafasi ya angalau milimita 6 pande zote, maana sasa ndiyo inayomeza mitikisiko na utataka iliyo nene.

Shingo ikate mwisho kabisa, baada ya kupanga spesa (ringi za kujazia) zote na kishikio cha usukani: ncha yake iwe milimita 3 chini ya usawa wa juu wa kilicho juu kabisa kati ya hivyo. Ikiwa ni ya kaboni, usipigilie ndani nati ya nyota, ile inayoshika boliti ya kifuniko cha juu. Tumia plagi ya kutanuka.