Kutambua na Kupunguza Mlio wa Difu: Krauni, Pinyoni na Beringi

Difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) inayolia isifunguliwe kabla ya kusikilizwa barabarani, kwa sababu ukishaitoa krauni (gia kubwa ya duara iliyo ndani yake) mahali pake huwezi tena kujua mlio ulitokea katika hali gani.

Hatua ya kwanza ni oili. Gari likiwa mahali tambarare, oili katika difu nyingi hutakiwa kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya plagi ya oili ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyokwaruza vidole ni dalili ya jino au beringi inayomeguka.

Hatua ya pili, endesha kwenye lami iliyonyooka. Kanyaga mafuta, achia, kisha shikilia mwendo usiobadilika. Mlio mwembamba unaobadilika kati ya hali hizo kwa kawaida hutoka kwenye meno. Mngurumo unaobadilika ukikata kona, shuku beringi ya gurudumu. Ukibadilika kulingana na aina ya lami, shuku matairi. Beringi ya pinyoni (gia ndogo inayoizungusha krauni) hulia kwa sauti ya juu kuliko ya gurudumu, kwani katika magari mengi pinyoni huzunguka takribani mara 3 hadi 4 krauni inapozunguka mara moja. Kishindo kimoja wakati wa kuondoka, kagua kwanza krosi (viungo vya msalaba) za propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye difu.

Hatua ya tatu ndiyo yenye majibu, na inasikitisha kwamba ndiyo inayorukwa zaidi. Safisha meno, paka machache rangi ya kukagulia, izuie krauni kidogo ili ipate mzigo, kisha zungusha pinyoni pande zote mbili. Alama nzuri hukaa katikati ya jino. Ikipanda kwenye ncha ya jino, pinyoni iko mbali mno na krauni. Ikizama kwenye shina, imesogea karibu mno. Kasoro hizo hurekebishwa kwa shimu (kipande chembamba cha chuma cha kujazia nafasi) ya pinyoni. Alama ikielemea mwisho wa nje wa jino, sogeza krauni karibu na pinyoni; ikielemea mwisho wa ndani, isogeze mbali.

Ndipo upime plei (nafasi ndogo kati ya meno ya krauni na ya pinyoni) kwa geji ya saa, sehemu nne au zaidi za krauni. Magari mengi madogo huhitaji takribani milimita 0.13 hadi 0.20, ila kipimo cha mtengenezaji ndicho cha kufuata. Usiibane plei ili kunyamazisha mlio: meno yatakosa nafasi ya oili, yatapata joto na kuharibika mapema. Vipimo vikitofautiana sana, kagua uchafu chini ya krauni au kupinda kwake.

Meno yakiwa yamelika, nunua krauni na pinyoni za jozi moja, maana husagwa pamoja kiwandani. Kama difu ina bushi ya kubonyea (bomba fupi la chuma linalobanwa kati ya beringi za pinyoni), weka mpya, kaza nati ya pinyoni kidogo kidogo huku ukipima ugumu wa kuzunguka kwa pinyoni. Ukipitiliza kipimo, usilegeze nati, badilisha bushi uanze upya.